Orodha ya Vifaa Isiyofika Oraba

Mwanzoni mwa muhula uliopita wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa wakienda mazoezini walipewa karatasi ya kurasa mbili iliyoorodhesha mahitaji ya kufanya kazi wakiwa mbali na chuo. Ilitaja kipakatalishi kipya chenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, skrini ya pili, kamera ya nje, hedseti, kiti cha ofisi, intaneti ya kasi isiyokatika, programu ya mikutano ya video na hifadhi ya mawinguni. Rasimu yake ilipita mikononi mwetu. Tulisahihisha upatanisho wa kisarufi katika sentensi mbili, tukaipitisha. Kwa hiyo makala haya ni uhakiki wa orodha hiyo, na kwa sehemu ni uhakiki wetu sisi wenyewe.

Tuanze na haki yake. Orodha imeandikwa kwa Kiswahili safi, na ushauri wake kuhusu hedseti ni sahihi: mwalimu asiyesikika hafundishi, hata sura yake ikionekana vizuri namna gani. (Neno "kipakatalishi" tunaliacha lipite, ingawa wanafunzi wote walikuja kutuuliza bei ya laptopu, nasi tukajibu kwa neno hilo hilo la laptopu.) Kasoro yake ni ya mpangilio wa fikra. Inaanza na mashine, halafu programu, halafu mtandao, na umeme haiutaji kabisa. Neno "betri" halimo hata mara moja.

Mmoja wa wanafunzi hao alipangiwa upande wa Oraba, wilayani Koboko. Kwa wasomaji wasiopajua, hapo ndipo inapoishia barabara ya lami ya kilomita 92 inayoanzia Vurra na kupitia Arua na Koboko. Ng'ambo ni Kaya, Sudan Kusini, na Kongo iko karibu. Mipaka ya nchi tatu hukutana Salia Musala. Kwa miaka mingi West Nile yote haikuwa katika gridi ya taifa. Ilitegemea majenereta, na tangu mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5. Laini kuu ya taifa ilifika Arua mwaka 2024, jambo la kushangilia, lakini laini kufika Arua si sawa na soketi kufika chumbani kwa mwalimu wa kupanga. Watu wengi huko bado hutegemea sola.

Sasa tuisome orodha kwa macho ya mwenye sola. Paneli ya wati 50, siku ya jua zuri, hutoa takriban wati-saa 200. Laptopu ya kawaida inayotumiwa kuandikia hula wati 30 hivi. Kwa saa sita ni wati-saa 180. Hesabu imekubali, kwa kubana. Ongeza skrini ya pili ya wati 20 na umepitiliza kwa wati-saa 100. Inveta nayo hula chake, sehemu ya kumi au zaidi, kwa kazi ya kubadilisha umeme wa betri kuwa wa ukutani ili chaja ya laptopu iurudishe tena ulivyokuwa. Anayeweza kuchaji moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa chaja ya gari ataokoa umeme huo bila kununua paneli nyingine. Kuhusu betri yenyewe, ile ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi ya ubavuni, lakini mwenye kuitaka idumu hatumii zaidi ya nusu. Haya si mambo ya fundi peke yake. Ndiyo yanayoamua kama andalio la somo litakamilika kabla ya saa mbili usiku.

Gigabaiti 16 za kumbukumbu ni anasa kwa mtu anayeandika maandalio ya masomo na kusahihisha insha. Nane zinatosha, na nne huvumilika. Fedha inayobaki inunue diski isiyo na sehemu zinazozunguka, kwa kuwa haisumbuliwi na mitikiso ya safari, na ikaguliwe betri ya laptopu kabla ya mnunuzi kutoka dukani. Laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa huzimika kila umeme unapokatika, na kazi isiyohifadhiwa huondoka nayo.

Jambo lililotufanya tuandike, hata hivyo, si umeme. Ni saa.

Mwanafunzi wetu aliandikiwa "hakuhudhuria" mara tatu katika kikao cha saa nne asubuhi kilichofanyika kwa video. Kila mara alijiunga wenzake walipokuwa wakiagana. Mkufunzi aliona uvivu, nasi hatukubisha. Baadaye ndipo ilipobainika kwamba simu yake, iliyoachwa ichague mtandao yenyewe, ilikuwa ikidaka mnara wa ng'ambo na kujirekebisha saa kwa kuufuata. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Kabla ya hapo saa ya Kaya na ya Oraba zilikuwa moja. Mashariki ya Kongo nako saa ziko nyuma vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu aliyesimama Oraba amezungukwa na minara inayosema saa tatu wakati Uganda ni saa nne. Kijana alikuwa akiingia darasani kwa wakati, kwa saa ya nchi jirani. Dawa yake ni kuchagua mtandao kwa mkono na kuzima saa inayojiweka yenyewe, kazi ya dakika moja. Ushauri huo haugharimu hata shilingi, na ulikuwa na thamani kuliko kamera ya nje.

Kwenye mtandao tutasema machache. Mkutano wa video hula takriban gigabaiti moja kwa saa, wakati mwingine zaidi. Sauti iliyorekodiwa ya dakika tano na kutumwa kwa WhatsApp haifiki megabaiti mbili. Insha ya maneno elfu moja, ikiwa maandishi matupu, ni kilobaiti 7 hivi, ilhali picha moja ya ukurasa huo huo iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa megabaiti tatu. Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda hutozwa kodi ya asilimia 12, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Programu isiyofunguka bila mtandao haifai kuwa chombo cha kwanza cha mwalimu wa huko. Tulipaswa kulijua hilo tangu shule zilipofungwa, Machi 2020 hadi Januari 2022, ambapo waliosoma bila intaneti walisoma kwa karatasi za kujisomea na vipindi vya redio.

Tunafika kwenye eneo letu, yaani lugha ya programu zenyewe. Orodha haikusema lolote kuhusu Kiswahili, nasi walimu wa Kiswahili hatukuona pengo! Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ikaleta menyu za Kiswahili katikati ya muongo huo. Leo LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, hupatikana bure, hufanya kazi bila mtandao na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Mwanafunzi asiyeiweka huachiwa msahihishaji wa Kiingereza, ambaye huyapitisha "wake" na "pole" kwa kuwa Kiingereza nacho kina maneno ya sura hiyo, kisha huipigia mstari mwekundu "samahani". Kamusi ya Kiswahili nayo ina mipaka. Kitenzi kimoja chetu, kwa viambishi vya nafsi, njeo na unyambuaji, hutoa maelfu ya maumbo, na orodha ya maneno haiwezi kuyamaliza. Mwanafunzi aambiwe mapema kwamba mstari mwekundu chini ya "hawatatusomeshea" si hukumu.

Istilahi za menyu nazo zina sura mbili. "Pakia" na "pakua" hazihitaji mwalimu Oraba, ambako malori hupakiwa na kupakuliwa kila siku mbele ya macho ya watu. "Ghairi" ni mtihani. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kubadilisha; mtu anayesikia Kiarabu cha Juba sokoni ana haki ya kudhani kitufe hicho kitabadilisha kitu, kumbe kinaacha yote. Kwa maoni yetu "Acha" lingetosha. Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili Uganda tangu mtaala wa mwaka 2020, na walimu wake ni wachache. Tunayempeleka mpakani hana mwenzake wa kumuuliza maana ya kitufe.

Tumeanza kuiandika orodha upya, ikianza na umeme na kuishia na mashine. Wasomaji waliowahi kufundisha Koboko, Yumbe au Moyo watuletee waliyoyaona kabla ya muhula kufunguliwa. Alama kumi za mahudhurio alizokatwa yule mwanafunzi bado hazijarudishwa, na tunaiomba Idara izirudishe kabla matokeo hayajatangazwa.