Kadi ya Mkopo na Hoja ya "Nitalipa Mapema"

Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, wapo ndugu zetu wengi wanaoishi kwa uwakala wa forodha na kuagiza bidhaa kutoka Dubai na China. Kwao kadi ya benki si pambo, ni chombo cha kazi. Wanapouliza wachukue kadi ipi, hupewa jibu moja kati ya mawili. Tumeyapima yote mawili, na tunaona kila moja lina kasoro.

Jibu la kwanza ni kwamba kadi zote za benki ni haramu. Hili limetolewa kwa haraka. Wanazuoni wametufundisha kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Iko kadi inayotoa fedha za mwenyewe zilizomo katika akaunti yake, na iko inayojazwa fedha kwanza ndipo itumike. Katika hizo hakuna mkopo, basi riba itoke wapi? Ama kadi ya mkopo, benki humlipia mteja kisha humdai. Akimaliza deni ndani ya muda wa msamaha, ambao kwa kawaida hauzidi siku 55 hivi, hatozwi ziada. Akichelewa, deni huanza kuzaa. Na akitoa fedha taslimu kwa kadi hiyo, mara nyingi ziada huanza siku ile ile. Kuziweka zote katika kapu moja ni kuwabana Waislamu katika jambo lililo halali kwao.

Jibu la pili ni la wanaosema: chukua kadi ya mkopo, maadamu nia yako ni kulipa mapema. Wenye rai hii, na miongoni mwao wamo wanazuoni wa zama hizi, hutegemea kisa cha Barira (RA) kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mabwana zake walitaka kumuuza kwa sharti batili kuhusu haki ya walaa. Mtume (SAW) akamruhusu Bibi Aisha (RA) amnunue, kisha akalibatilisha lile sharti. Basi, wanasema, sharti la riba nalo ni batili, na mkataba unabaki.

Kwa heshima zote, hatuoni kuwa kipimo hiki kimekaa sawa. Kwanza, kisa cha Barira ni cha mauzo, nacho kinachojadiliwa hapa ni mkopo, na mkopo wenye sharti la ziada ndio riba yenyewe. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za pwani, amekataza mkopo unaoshurutishwa ziada. Pili, lile sharti lilibatilishwa juu ya mimbari na halikutekelezwa. Sharti la benki, ni nani Dar es Salaam atakayelibatilisha? Tatu, mteja huweka saini kwamba akichelewa atalipa riba; ameridhia kwa kalamu kile anachodai kukikataa moyoni. Ndiyo maana Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 mjini Riyadh, Septemba 2000, liliamua katika azimio namba 108 kuwa kadi ya mkopo yenye sharti la riba haifai, hata kama mteja ameazimia kulipa ndani ya muda wa msamaha.

Tuchukue mfano. Mtu anadaiwa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na kontena lake limekwama bandarini. Analipa kiwango cha chini, tuseme 50,000. Kati ya hizo, 30,000 ni riba; deni limepungua 20,000 tu. Nia yake ilikuwa njema, lakini meli haikuijua nia yake.

Wala hoja ya dharura haisimami kwa urahisi. Kadi za fedha za mwenyewe hulipia bidhaa mtandaoni, na tangu 2011 nchi yetu ina Amana Bank, inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, mbali na madirisha ya Kiislamu katika benki nyingine.

Basi anayechagua kadi aulize: Fedha nitakayotumia ni ya nani? Mkataba unasemaje nikichelewa? Ada ni malipo ya huduma yenyewe, au inakua kadiri deni linavyokua? Na je, ada ya mwaka na makato ya kubadilisha fedha yanalingana na kipato changu? Maswali hayo hayo tuyaulize kwa mikopo ya simu, ambayo kwa udogo wake wengi huidharau.

Nasi maimamu tusitoe fatwa ya kadi kabla ya kuuona mkataba wake. Mwenye kuuliza amekuja na riziki ya watoto wake mkononi. Tusimfungie mlango wa halali, wala tusimfungulie wa haramu.

Wallahu a'lam.