Mwalimu wa Mwanga

Somo la mwanga lina ugumu wake: mwanafunzi huingia darasani akiamini kwamba analijua. Muulize anauonaje mwembe ulio nje ya dirisha, atakujibu kuwa ameuangalia, basi. Muulize tena, taratibu, ni kitu gani kinachosafiri kati ya mwembe na jicho, nacho kinatoka wapi kwenda wapi. Hapo si ajabu kumsikia akisema kwamba jicho ndilo linalotuma kitu kuufuata mti.

Mwalimu hodari halicheki jibu hilo. Anajua kwamba Euclid na Ptolemy, vigogo wa jiometri wa zamani, walilishikilia na kulijengea hoja. Ikabidi aje Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanyia kazi yake kubwa Cairo katika karne ya 11, aoneshe katika kitabu chake, Kitab al-Manazir, kuwa mwanga unaotoka kwenye vitu ndio unaoingia jichoni. Hoja yake moja hata mtoto anaielewa: ukilikodolea jua, jicho linauma. Lingekuwa linatuma tu, lingeumizwa na nini? Umoja wa Mataifa ulipoufanya mwaka 2015 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanga, kutimia kwa miaka 1000 tangu kazi hiyo kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoadhimishwa. Kosa lililokaa karne nyingi vichwani mwa wanazuoni halitamtoka mtoto kwa sentensi moja ya ubaoni. Linatoka kwa kuoneshwa, na ufundi wa kuonesha ndio ninaotaka kuusifu hapa.

Vifaa vyake vya kwanza ni kopo la maziwa, msumari mwembamba na karatasi iliyopakwa mafuta. Kopo linatobolewa kitako, mdomo unafunikwa kwa karatasi ile, mwanafunzi anajifunika khanga kichwani kuzuia mwanga wa pembeni, kisha anaelekeza tundu uwanjani. Mlingoti wa bendera unatokea kwenye karatasi ukiwa umesimama kichwa chini. Darasa linalipuka kwa kelele. Mwalimu wa kawaida angekimbilia ubaoni kuchora miale inayopishana. Niliyemtazama mimi alinyamaza. Aliwaacha wapokezane kopo, wabishane, wapanue tundu na kugundua wenyewe kwamba picha inang'aa zaidi lakini inafifia kingo. Kunyamaza kule kulikuwa kazi. Ilionekana usoni mwake jinsi alivyokuwa akijizuia.

Kisha akawatoa nje, chini ya mti. Nafasi zilizo kati ya majani zina maumbo ya kila namna, lakini madoa ya mwanga yaliyotapakaa ardhini ni ya mviringo. Kila doa ni picha ya jua, maana kila nafasi ndogo inafanya kazi ya tundu la kopo. Waliokuwa Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete, hawakuhitaji kuinua macho: madoa kama hayo nayo yaligeuka pete. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena, huku kwetu kwa sehemu tu, na mwalimu mwenye makopo tayari atakuwa na somo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulitoa. Mtoto asilitazame jua lenyewe; atazame picha yake.

Baada ya hapo huja pini, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Bamba la kioo linalazwa juu ya karatasi nyeupe, chini yake ubao laini. Pini mbili zinachomekwa upande mmoja, na mwanafunzi anainama hadi jicho lake liwe usawa wa meza, anafumba jingine, anatazama kupitia kioo, kisha anachomeka pini mbili nyingine upande wake hadi zote nne zionekane kama moja. Inasikika rahisi. Lakini pini zikikaribiana mno, mstari unayumba. Pini ikiinama kidogo, kichwa kinasema hivi na mguu unasema vile. Mwalimu anapita meza hadi meza akirudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini: "Tazama mguu wa pini, usitazame kichwa." Anapiga goti, anafumba jicho moja, anaangalia kwa zamu yake. Hagusi pini ya mwanafunzi. Anasema tu, "Ya tatu inakudanganya," na kusogea. Mwisho wa kipindi sini za pembe zinagawanywa, na meza baada ya meza jibu linakuja karibu na 1.5, kipimo cha jinsi kioo kinavyopinda mwanga. Kitabu chao kimeandikwa kwa Kiingereza na mtihani utakuwa hivyohivyo, lakini juu ya pini zile mabishano yote ni ya Kiswahili, na ndiyo yanayowafikisha.

Siku ya jicho, mwalimu huwahi machinjioni alfajiri. Macho ya ng'ombe lazima yawe mabichi, kwani yakikaa konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, inaingia ukungu. Moja analihifadhi kwa jaribio linalofanana na lile ambalo mwanafalsafa Descartes alilieleza mwaka 1637: nyama na mafuta yanaondolewa, ngozi ngumu ya nyuma inakwanguliwa kwa wembe polepole mpaka ibaki nyembamba ya kupitisha mwanga, kisha jicho linaelekezwa kwenye mshumaa. Mkono ukitetemeka, wembe unapita na jicho limeharibika. Ukitulia, mwali mdogo wa mshumaa unatokea nyuma ya jicho, kichwa chini, sawasawa na mlingoti ndani ya kopo. Mwanaastronomia Kepler alikuwa ameshasema mwaka 1604 kwamba picha ndani ya jicho lazima iwe imepinduka. Sasa kijana wa kidato cha tatu anaiona kwa macho yake, na yeye ndiye anayemwambia mwalimu sababu.

Macho mengine yanapasuliwa kwenye sinia. Konea ni ngumu kuliko wanavyotegemea. Mkasi unasita, halafu maji yanatiririka. Lenzi inatoka nzima, na ikiwekwa juu ya gazeti herufi zinakua. Nyuma kabisa kuna utando unaometa samawati na kijani, ule unaofanya macho ya ng'ombe yang'ae usiku kwenye taa za gari; binadamu hana utando huo. Retina yenyewe, utando unaopokea mwanga, ni nyepesi mno, inajikunja ikivutwa kwa kibanio na kubaki imeshikilia mahali pamoja tu, pale mshipa wa fahamu unapotokea kwenda kwenye ubongo. Mwalimu anaanzia pale pale. Anagawa vipande vya karatasi vyenye alama ya msalaba na doa jeusi, anawaambia wafumbe jicho la kushoto, wakazie msalaba ulio kushoto, na wasogeze karatasi taratibu. Doa linatoweka. Palipo na mshipa hakuna chembe za kupokea mwanga, na kila mtu duniani ana doa hilo pofu katika kila jicho bila kuhisi pengo. Nimeona watu wazima wakirudia jaribio hili mara kadhaa, hawaamini.

Kuna kitu kingine anachokifanya mwalimu wa namna hii, na hakimo katika mtaala. Wakati wa pini huwa anamwona mtoto anayekunja uso. Anampa kipande cha kadi chenye tundu dogo, la ukubwa wa milimita moja hivi, na kumwambia asome ubaoni kupitia hapo. Maandishi yaliyokuwa ukungu yakisomeka, basi tatizo ni la jinsi jicho linavyokusanya mwanga, na huenda miwani ikamfaa. Wapima macho nao hutumia tundu kama hilo. Mwalimu haandiki dawa wala hamtangazi mtoto mbele ya wenzake. Anaandika barua fupi kwa mzazi.

Mzazi mwenzangu, barua hiyo ikifika nyumbani usiiweke kabatini kungoja matokeo ya mtihani. Mpeleke mtoto akapimwe macho wiki hiyohiyo.