Kipande cha Tiketi Hakikumbuki Peke Yake

Kwa Kiswahili tunakata tiketi. Na mlangoni pa ukumbi wa sinema ilikuwa inakatwa kweli: kipande kimoja kinabaki kwa mlinda mlango, kingine unaondoka nacho, kinaishia kwenye pochi au katikati ya kitabu. Kipande hicho ndicho watu wanachokipiga picha siku hizi na kukiweka kwenye simu, folda nzima, mwaka baada ya mwaka. Wengine wameacha hata kuandika maoni yao kuhusu filamu. Wanaweka tiketi tu, basi.

Nimezipitia folda kadhaa za aina hii, za marafiki na ya kwangu mwenyewe, nikajaribu kuzisoma kama ninavyosoma shajara. Maana wenyewe wanadai kwamba hizi ni kumbukumbu za kudumu. Hilo ni dai kubwa, na linastahili kuhakikiwa sawa na dai la kitabu chochote kinachojiita tawasifu.

Tuanze pale walipo na haki. Tiketi nyingi za siku hizi hazichapwi kwa wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto, ileile ya risiti za supamaketi. Jua, joto, mafuta ya vidole, hata plastiki ya albamu uliyoinunua ili uitunze, vyote vinaweza kuyafifisha maandishi. Baada ya miaka michache unabaki na kikaratasi cheupe. Kwa hiyo anayepiga picha usiku uleule anaokoa maandishi yasipotee, na hapo sina ubishi naye.

Sasa, maandishi gani? Jina la filamu, mara nyingi limekatwa katikati kwa kukosa nafasi. Tarehe, saa, ukumbi, kiti, bei. Uliyekaa naye hayumo. Kama ulicheka peke yako ukumbi mzima ukiwa kimya, hilo nalo halimo. Tiketi imeandikwa na mwenye ukumbi kwa ajili ya hesabu zake. Ukikusanya mia moja, umepata leja ya biashara ya mtu mwingine, na wewe humo ndani ni namba ya kiti.

Hata hivyo kuna wakati leja hiyo hugeuka ushahidi. Chukua Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyotokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Inahusu Kena na Ziki, wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, na mwaka huohuo ikapigwa marufuku nyumbani. Kahiu akaenda mahakamani. Septemba 21, Jaji Wilfrida Okwany akaisimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima waione, ili filamu itimize sharti la kuweza kupendekezwa kwa Oscar. Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi. Kenya ikaishia kuipeleka Supa Modo.

Filamu yenyewe mtu anaweza kuitafuta akaipata. Wiki ile haipatikani tena. Tiketi ya Rafiki yenye tarehe ya Septemba 2018 na jina la ukumbi wa Nairobi inasema jambo ambalo filamu haiwezi kulisema: kwamba mtu fulani alitoka nyumbani, akalipa, akaingia hadharani, akaketi kiti hiki. Hapo hata namba ya kiti ina uzito.

Rafiki yangu mmoja anayo picha ya tiketi ya wiki hiyo. Chini yake ameandika sentensi moja: "Tuliingia watano tukipiga kelele, tukatoka hatuongei." Nikiwa mhakiki nakiri kwamba sentensi hiyo inanifikia kuliko picha iliyo juu yake. Lakini bila picha, ingekuwa sentensi ya filamu yoyote. Ndoa yao ndiyo inayofanya kazi: tiketi inathibitisha, sentensi inakumbuka.

Kuna na upande wa pili ambao mashabiki wa kuhifadhi kila kitu hawaugusi. Si kila aliyeketi ukumbini wiki ile angependa ushahidi huo ukae milele kwenye simu inayokopwa na shemeji, au kwenye akaunti inayojipangia picha kwa tarehe na mahali. Karatasi inayofutika ilikuwa na huruma yake. Kudumu si zawadi kwa kila mtu.

Ndiyo maana sivutiwi na zile programu zinazokutengenezea tiketi nadhifu ya kidijitali ukishajaza jina la filamu na tarehe. Zinapendeza, zote saizi moja, hazina hata kunjo. Lakini hiyo ni tiketi ambayo hakuna aliyeikata. Imepoteza uthibitisho wa karatasi na haijapata sauti ya mwenyewe. Msimbo wa kuskani mlangoni nao hauna kipande cha kuondoka nacho, kwa hiyo kazi ya kukumbuka imerudi kwetu yote.

Laura Fair, katika Reel Pleasures, kitabu chake cha 2018 kuhusu watazamaji wa sinema Tanzania, alitegemea sana mazungumzo na waliokuwa wakienda sinema. Karatasi za kumbi zingeweza kumpa mauzo. Raha ilibidi aitafute kwa watu. Atakayeandika historia yetu huenda akakuta mamilioni ya picha za tiketi na asipate mtu wa kumuuliza.

Basi kama unazipiga picha, endelea. Piga pande zote mbili, usikate tarehe ili ipendeze. Kisha kabla hujalala andika sentensi moja chini yake: ulikuwa na nani, na mlisema nini mkitoka. Kama sentensi hiyo ni hatari kuandikwa, fikiri mara mbili kuhusu picha pia.