Saa Iliyozeeka na Viungo Vyake

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo mwanadamu hulipwa ujira kwa kuzitenda, ipo moja ambayo ustadi wake hudhihirika zaidi pale fundi anapouzuia mkono wake. Nayo ni kazi ya kuikabili saa ya mkono ya zamani, kuipambanua asili yake na yaliyotiwa baadaye, na kuamua kipi kitengenezwe na kipi kiachwe kama miaka ilivyokifanya. Nilijifunza kuistahi kazi hii hapa Houston, mji ambao joto na unyevu wake humkumbusha mtu wa pwani kwao tangu anaposhuka katika ndege. Mji huu una haki yake katika habari za saa, kwani wahandisi wa NASA wa hapa walizitia saa za makampuni kadhaa katika joto la nyuzi 71 kwa muda wa saa 48, kisha nyuzi 93 kwa nusu saa, wakazitia baridini, wakazitikisa na kuzigonga, na tarehe 1 Machi 1965 wakaipitisha moja tu, Omega Speedmaster. Na Juni ya mwaka ule ule Edward White alikuwa nayo mkononi alipotoka nje ya chombo cha Gemini 4 na kuelea angani. Saa za aina hiyo za miaka ile zimepanda bei, na penye bei hapakosi mwenye kughushi.

Niliyoitamani mimi ilikuwa Dallas, kilomita 380 hivi kwa barabara. Dallas ni soko la mambo ya kale tangu zamani, na Heritage Auctions, nyumba ya mnada inayojulikana duniani, ilianzishwa huko mwaka 1976. Lakini mimi nilikwenda kwa mfanyabiashara mdogo, ambaye kwa kauli yake saa ile ilikuwa ya mwaka 1966 na haijapata kuguswa. Nilifuatana na fundi saa mmoja, mzee mzaliwa wa Mombasa, ambaye macho yake nayaamini kuliko yangu. Uso wa saa ulikuwa mweusi usio na doa, na moyo wangu ulikwisha kulipa kabla ya mkono.

Mzee hakuutazama uso kwanza. Alibana kioo cha kukuzia jichoni, akaigeuza saa ubavu, akakaa kitambo kirefu akiyachunguza masikio ya kasha, yale yanayoshika mkanda. Katika saa ile masikio hujipinda, na penye mpindo pana ukingo mkali uliokatwa kiwandani, ambao mwanga ukiupitia huonekana kama uzi. Hapa uzi ulikuwa umekufa, kingo zimeviringana mithili ya sabuni iliyotumika, ishara bayana kwamba kasha limepitishwa kwenye gurudumu la kung'arishia, tena si mara moja. Ndipo akaufikia uso. Chini, penye nafasi ya 6, ambapo sisi husema saa kumi na mbili, palikuwa na herufi T pande mbili za maneno yanayoitaja Uswisi, maana yake rangi ya kung'aa gizani ilikuwa ya tritiamu. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushei, hata baada ya miaka 60 hubaki karibu sehemu moja tu ya 30. Mzee akaifunika saa kwa viganja viwili, akaniita nichungulie, nami nikaona vitone vya uso vikiwaka kama taa za ngalawa, na akrabu zikiwa giza.

"Ami, si ndio uzuri huo?" nikamwuliza.

"Mwanangu, uso una umri wake, akrabu zina wake, na kasha lina wake. Hii ni aila iliyokutanishwa sokoni."

Nilisikitika, wala sikuona aibu kusikitika, kwa kuwa wakubwa kuliko mimi wamedanganyika. Novemba 2021 huko Geneva, Speedmaster ya kwanza-kwanza iliuzwa mnadani kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 3, na aliyeinunua alikuwa Omega mwenyewe kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni ikakiri kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa nyingine.

Wala mtu asidhani kuwa nalilaumu kila rekebisho. Saa ni chombo cha kazi: mafuta hukauka, kamani huchoka, mpira wa kuzuia maji hugeuka mkate mkavu, na mwenye kuviacha hivyo kwa kisingizio cha asili anaiua saa yake. Hata viwanda vyenyewe zamani, vikiletewa saa kwa matengenezo, vilikuwa vikibadili uso na akrabu kwa vipya, kwa nia njema, na saa kama hiyo ni halali kuuzwa madhali mnunuzi ameambiwa. Ubaya uko katika kuficha. Kwetu Unguja nimeona masanduku ya njumu yaliyopigwa msasa hata alama za mikono ya waliokuwa wakiyafungua zikatoweka, kisha yakauzwa kwa jina la ukale; mti umebaki, ushahidi umeondoka, na chuma au mti uliokwisha kuondolewa haurudishwi na fundi yeyote.

Miezi michache baadaye nilinunua Omega nyingine huko Fort Worth, nyenyekevu, isiyo na uhusiano wowote na anga. Uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa, vitone na akrabu vimefifia pamoja, na kingo za masikio yake zingali zikikata mwanga. Mzee alibadili kamani, mpira na mafuta, uso hakuugusa. Aliponirudishia alinipa na bahasha: ndani yake mna kamani ya zamani, na karatasi aliyoandika kwa mkono wake kila alichokibadili, pamoja na tarehe. Atakayeinunua saa hii kwangu atapewa na bahasha hiyo.