Sikukuu za Nyumbani na Majira ya Nchi Yetu

Utamaduni wa taifa hauonekani katika ngoma na vinyago peke yake. Huonekana pia katika namna watu wanavyoketi nyumbani mwao siku ya sikukuu: nani amerudi, nani bado anangojwa, chakula gani kimepikwa, na baada ya kula watu wanafanya nini. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuzipima sikukuu za mwisho wa mwaka kama zinavyoandikwa, kuchorwa na kupambwa miongoni mwetu, tukitumia mfano wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, Mkoani Singida. Nia yetu si kuwanyima watu furaha yao. Nia yetu ni kuuliza kama furaha tunayoiandika ndiyo ile tunayoiishi.

Tulipata kuombwa kusoma na kuamua insha na mashairi ya wanafunzi wa sekondari juu ya sikukuu nyumbani. Kazi nyingi zilikuwa za Kiswahili safi; vina vilipangika na mizani ilitimia. Lakini kadiri tulivyosoma ndivyo tulivyozidi kushangaa. Katika kazi hizo Desemba ilikuwa mwezi wa baridi kali. Majani yalipukutika, theluji ilitanda, na jamaa wote walijifungia ndani wakiota moto. Mwanafunzi mmoja alimwandika babu yake akitetemeka kando ya dirisha, ilhali kila aliyekulia Iramba anajua kwamba babu wa namna hiyo, mwezi huo, huwa shambani na jembe mkononi, jasho likimtiririka.

Kazi moja tu ilikuwa tofauti. Mwandishi wake alieleza jinsi mama yake, usiku wa kuamkia Krismasi, alivyougawa mtama uliobaki mafungu mawili: fungu moja la ugali wa wageni, na fungu la pili la mbegu. Fungu la mbegu alilificha, maana alijua kwamba mbele ya wageni moyo wake ungelegea. Vina vya shairi hilo vilikuwa na kasoro, na wenzetu katika kamati hawakukubali upesi kulipa nafasi ya kwanza. Sisi tulilitetea, na makala haya ni maelezo ya sababu zetu.

Tuanze na lugha, kwa kuwa kosa lenyewe huanzia hapo. Tunapofasiri vitabu vya Ulaya, majira ambayo miti ya huko hupukutisha majani huitwa "vuli", na majira ya theluji huitwa "kipupwe". Mwanafunzi husoma, akaamini kwamba majira hayo ni yale yale. Kumbe kwa wenye lugha, watu wa pwani, vuli ni mvua za mwishoni mwa mwaka, nazo ni mvua za kuotesha, wala si za kupukutisha. Kipupwe nacho ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, si wa Desemba. Kiomboi iko kusini ya Ikweta, na kwa hesabu ya jua Desemba ni kiangazi cha upande wetu wa dunia. Basi mwalimu anayeacha maneno hayo yapite bila maelezo humfundisha mtoto kutoyaamini macho yake mwenyewe.

Na picha zile zilitoka wapi? Zilitoka katika nchi ambako zina maana kamili. Huko Stockholm, Sweden, mchana wa tarehe 21 Desemba ni wa muda wa saa 6 hivi tu. Mavuno yamekwisha kuwekwa ghalani, ardhi imeganda, jembe halina kazi. Mkulima wa huko ana chakula na ana nafasi. Anachokikosa ni mwanga na joto. Kwa hiyo huwasha mishumaa, hukoka moto, huwakusanya jamaa zake na kula akiba yake. Sikukuu yake imekaa juu ya majira yake kama kofia juu ya kichwa chake. Wamisionari wa Kilutheri wa Sinodi ya Augustana, waliofanya kazi Iramba tangu miaka ya 1920, walitoka Marekani katika kanisa lililoanzishwa na wahamiaji wa Kiswidi. Si ajabu kwamba kumbukumbu za nyumbani kwao zilikuwa za Desemba ya namna hiyo. Kila mtu husafiri na nyumba yake moyoni.

Tena yafaa tukumbuke jambo ambalo wengi hawalijui. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuchapishwa kwa kuuzwa ilitolewa London mwaka 1843, kwa agizo la Henry Cole, na mchoraji wake alikuwa John Callcott Horsley. Katikati ya kadi hiyo hapana theluji. Pana jamaa ya vizazi vitatu wameketi mezani pamoja, na pembeni pana picha za watu wakiwalisha na kuwavika maskini. Basi hata huko zilikotoka kadi, jambo lililotangulia lilikuwa jamaa na ukarimu. Theluji ilikuja kuwa pambo. Sisi tumelishika pambo tukaliacha lile lililotangulia. Siku hizi kadi za karatasi zimepungua, na picha hizo huletwa na simu za mkononi, lakini theluji ni ile ile. Hata majumbani tawi la mti hubandikwa pamba ili lifanane na mti wa Ulaya. Pamba hiyo ni zao la wakulima wa Iramba. Jasho la mkulima linageuzwa kuwa theluji ya kigeni sebuleni mwake!

Sasa tuitazame Desemba ya Kiomboi ilivyo. Mvua za Singida ni za msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, na hukoma Aprili au mwanzo wa Mei. Krismasi inapofika, ardhi imeamka. Mtama, uwele, mahindi, karanga na alizeti vinataka kupandwa au kupaliliwa, na siku moja iliyopotea hudaiwa wakati wa mavuno. Kwa upande mwingine, vihenge vimekaribia kuwa vitupu, maana chakula kilichomo ni cha mavuno ya katikati ya mwaka, na kipya hakitapatikana kwa miezi kadhaa. Kwa ufupi, mkulima wa Ulaya hufika Krismasi akiwa ameshiba na hana kazi. Mkulima wa Iramba hufika akiwa na kazi tele na akiba haba.

Hapo ndipo uzito wa shairi la yule mwanafunzi unapoonekana. Nyumba inayoiga karamu ya watu wenye ghala zilizojaa, katika mwezi ambao ghala zake zinaisha, hula mbegu zake. Watoto wake hurudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, hushuka garini tarehe 24 na mizigo ya nguo mpya, huchinjiwa kuku, hupigwa picha, na tarehe 26 huondoka. Wazee hubaki na furaha ya kuwaona, na pia na kihenge kilichopungua na shamba lisiloguswa. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoto aondokaye kabla ya siku ya tatu amekubali kuwa mgeni kwao, na tena mgeni aliyelikimbia jembe. Lawama hii si ya vijana peke yao. Sisi wenye ajira serikalini tumefanya hivyo hivyo miaka mingi, tukijitetea kwa uchache wa likizo.

Yamkini msomaji atauliza: je, tuikatae Krismasi, au tumfunge mshairi asiote ndoto za nchi za mbali? Hasha. Rais Julius Nyerere alipoianzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alieleza wazi kwamba kuuthamini utamaduni wetu si kukataa kujifunza kwa wengine. Na sikukuu haifungwi na majira. Idd husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, hata mtu wa makamo amekwisha kuiona katika mvua, katika kiangazi na katika kipupwe. Waislamu wa Singida hawajapata kuhitaji hali ya hewa ya Makka ili Idd yao ikamilike: wanayoyataka ni sala, sadaka, chakula na jamaa. Huko Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa mwezi Julai. Watu hurudi kwao, hupigana kwa magogo ya migomba ili kumaliza chuki, na kibanda huchomwa moto mwaka mpya uanze. Sherehe hiyo ina asili ya mbali ng'ambo ya bahari, lakini imepandwa Makunduchi ikaota mizizi ya Makunduchi.

Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza. Hatuulizi jambo limetoka wapi. Tunauliza kama limeota mizizi. Krismasi ya Kiomboi iliyoota mizizi ni sikukuu ya kupanda: jamaa husali, hula kwa kiasi, na kesho yake huingia shambani pamoja, mjukuu akijifunza kwa bibi umbali wa shimo na shimo. Kijana wa mjini akitaka kuleta zawadi, alete mbegu, na kama anaweza alete siku zake nne za mikono. Karamu ya kushiba na kupumzika ina wakati wake hapa kwetu, nao ni kipupwe, mavuno yakiwa yameingia, katika miezi ya Saba Saba na Nane Nane. Wakati huo kuku na asali haviliwi kwa hofu ya kesho, na ngoma haiibi siku ya palizi.

Kwa walimu tuna ombi moja. Mwanafunzi akileta shairi la theluji, asichekwe. Aulizwe alichokiona nyumbani mwaka jana, saa ngapi mvua ilianza, nani alichelewa kufika, na mama alificha nini. Majibu hayo ndiyo yatakayokuwa shairi. Vina vibovu hurekebishwa kwa juma moja, lakini jicho lililozoea kutoona kwao huchukua miaka kufunguka. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani Desemba hii, ingieni shambani kabla ya kushika kalamu. Mkimaliza, andikeni.