Lafudhi si Ila: Uhakiki wa Matumizi ya Istilahi Moja

Katika taarifa za usaili wa kazi, katika maoni ya walimu juu ya wanafunzi wao, na hata katika mazungumzo ya wafasiri, aghalabu tunakutana na sentensi ya namna hii: "Anazungumza vizuri, ila ana lafudhi." Mwenye kuandika hivyo huenda hana nia mbaya. Hata hivyo, amelitumia jina la kitu ambacho kila mnenaji anacho kana kwamba ni ila ya mtu mmoja. Ni sawa na kuandika kwamba mtu fulani anafaa kwa kazi, ila ana kimo. Makala haya yanakusudia kuhakiki matumizi hayo na kuonyesha, kwa msaada wa masimulizi ya wasafiri wetu wa kale, kwa nini hayafai kuendelea katika maandishi ya shule na ya ofisi.

Tuanze na neno lenyewe. Lafudhi asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni tamko, yaani neno litokalo kinywani. Mzizi wake una maana ya kutupa nje kitu kilichokuwa mdomoni. Kiswahili hakikulichukua neno hili kwa upana huo wote. Kililifinya, likawa ni namna ya kutamka inayodokeza mnenaji atokako. Lahaja nalo ni neno la Kiarabu, na Waarabu hulitumia kwa tofauti za maneno na kwa tofauti za matamshi pia. Sisi tumeyatenga mambo hayo mawili, tukayapa majina mawili. Hiyo ni faida iliyopatikana ndani ya lugha yetu wenyewe, nasi hatuna budi kuilinda.

Tofauti yenyewe ni hii. Mtu wa Mvita akisema mato pale ambapo mtu wa Unguja husema macho, au mtu wa Lubumbashi akisema batu pale ambapo sisi husema watu, tofauti hiyo imo katika umbo la neno na inaweza kuandikwa. Hayo ni mambo ya lahaja. Lakini wachukue watu wawili, mmoja wa Pemba na mwingine wa Bukoba, uwape ukurasa mmoja wa gazeti wausome kwa sauti. Maneno ni yale yale, sarufi ni ile ile, na hakuna aliyeongeza wala kupunguza. Hata hivyo msikilizaji atatambua kwamba hawakulelewa mahali pamoja. Kinachobaki baada ya maneno na sarufi kuwa sawa ndicho lafudhi.

Mtu asiyepata kutoka kwao haisikii lafudhi yake. Huidhani kuwa ndiyo matamshi yenyewe, na wengine ndio wenye lafudhi. Safari humwondolea dhana hiyo. Afikapo ugenini, yeye ndiye anayegeukiwa na kuulizwa atokako, ingawa hajabadilisha neno lolote. Kwa hiyo, anayetaka kuifahamu istilahi hii vizuri na awatazame wasafiri.

Kitabu kinachofaa kwa kazi hiyo ni Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901. Wasomaji wengi wamekuja kuyafahamu baadhi ya masimulizi yake kwa njia ya mkusanyo wa Lyndon Harries wa mwaka 1965. Ndani yake mna safari za bara zilizosimuliwa na watu wa pwani, kama Sleman bin Mwenye Chande na Mtoro bin Mwinyi Bakari, na mna simulizi ya Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani aliyeitwa Bumiller. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya safari vilivyochapishwa kwa nathari ya Kiswahili, na thamani yake ni kubwa.

Hata hivyo, kina upungufu unaotuhusu. Kinatueleza walikokwenda wasafiri hao, wala hakiwezi kutusikilizisha sauti zao. Tangu kwenye jalada tunakutana na Wasuaheli, wala si Waswahili; yaani tunalipokea jina la watu wetu kwa tahajia ya mhariri wa kigeni. Kiimbo cha msimuliaji, mkazo wake, na jinsi alivyoivuta irabu ya mwisho, vyote vimekwenda. Lawama hii haimwangukii Velten peke yake. Tahajia yetu sanifu nayo haitofautishi paa, yule mnyama wa porini, na paa la nyumba. Wala haitofautishi kaa wa baharini na kaa la moto. Mtu wa Mvita hutoa pumzi katika neno moja na kuizuia katika jingine, wala hakosei. Maandishi hayakosi maana kwa kuliacha jambo hilo, lakini yanaacha kitu ambacho sikio la watu fulani hukisikia kila siku.

Tumtazame tena Selim bin Abakari. Alikuwa mtu wa asili ya Ngazija. Leo simulizi yake husomwa kama nathari nzuri ya Kiswahili, wala hakuna msomaji anayesema, "Anasimulia vizuri, ila ana lafudhi." Je, ni kwa sababu hakuwa nayo? La. Ni kwa sababu tunamsoma, hatumsikii. Mwandishi yule yule, lau angesimama leo mbele ya jopo la usaili, pengine angepunguziwa alama kwa sauti ambayo kalamu ilimfichia. Kipimo kinachomtukuza mtu anaposomwa na kumshusha anaposikika, hali lugha yake ni ile ile, si kipimo cha lugha.

Maisha ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yanatufunza zaidi. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, ambamo walifundishwa pia maofisa waliotazamia kuja kutawala Afrika Mashariki. Kwao Mrima, lafudhi yake haikuwa jambo la kusemwa. Kila jirani alikuwa nayo. Darasani Berlin lafudhi hiyo hiyo ikawa ndiyo kielelezo cha kuigwa. Hata hivyo, mwaka 1905, alipotaka kurudi nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni waliwazuia wasishuke Dar es Salaam. Sauti yake ilikuwa imekubaliwa darasani, mwenyewe hakukubaliwa bandarini. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Mwaka uliofuata, 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Tangu hapo usemi wa Mrima, uliokuwa umefundishwa Berlin, ukahesabiwa kuwa mmoja tu wa lahaja. Hakuna herufi iliyobadilika kinywani mwa mtu wa Bagamoyo. Kilichobadilika ni uamuzi. Nasi hatuupingi uamuzi huo, kwani taifa lisilo na lugha sanifu haliwezi kuchapa vitabu vya shule wala sheria. Tunachosema ni kwamba Kamati ile kazi yake kubwa ilikuwa tahajia, sarufi, kamusi na vitabu. Kusanifisha maandishi ni jambo moja. Kusanifisha koo za watu ni jambo jingine. Nchi ya Norwei imeishi na tofauti hiyo kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1878 shule zake zilielekezwa kuwafundisha watoto, kadiri iwezekanavyo, kwa usemi wao wa nyumbani, na hadi leo ina namna mbili rasmi za kuandika bila ya kuwa na namna moja rasmi ya kutamka.

Anayedhani kuwa haya ni mambo madogo na aisome tena sura ya 12 ya Kitabu cha Waamuzi. Kwenye vivuko vya Yordani, kila mpitaji aliambiwa atamke Shibolethi. Aliyesema Sibolethi aliuawa. Neno lilikuwa moja na maana yake moja. Lafudhi ikageuzwa hukumu. Kwetu hakuna kivuko cha namna hiyo, na tumshukuru Mungu. Lakini mtoto anayechekwa darasani hata akaacha kunyoosha mkono, na kijana anayenyimwa kazi kwa sababu ya sauti ya kwao, wamezuiwa kuvuka.

Pengine mwalimu atauliza: je, basi hakuna kosa la matamshi? Lipo, na ni wajibu wake kulisahihisha. Karani akitamkiwa thamani ya ofisi akaandika samani za ofisi, hesabu zimeharibika. Anayesema kula badala ya kura amebadilisha jambo lenyewe. Barabara yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia. Yenye mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa. Katika mifano hii yote neno moja limekuwa jingine, na msikilizaji anaweza kupotoshwa. Pale ambapo neno limebaki kuwa lile lile, na msikilizaji ameelewa bila taabu, kilichosikika ni lafudhi, wala hakihitaji kusahihishwa.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi nne zitumike kila moja mahali pake. Matamshi liwe jina la kitendo chote cha kutamka. Lahaja liwe jina la usemi wenye maneno na maumbo yake. Lafudhi liwe jina la sifa ya sauti inayodokeza asili ya mnenaji, bila kusifu wala kulaumu. Na pale penye kosa, paandikwe kosa la matamshi, na kosa lenyewe litajwe. Misemo kama "hana lafudhi" na "lafudhi mbovu" iachwe, kwa kuwa wa kwanza hauwezekani na wa pili hauelezi kitu.

Sentensi tuliyoanza nayo itakuwa imeandikwa hivi: "Anazungumza vizuri, hatofautishi r na l katika baadhi ya maneno, na hilo laweza kurekebishwa kwa mazoezi." Mwenye kuisoma atajua la kufanya. Na kama hapakuwa na kosa lolote la kutaja, basi mwandishi aishie kwenye maneno mawili ya kwanza.