Aliyekaa Tezini

Kumbandika nyangumi wa bluu kifaa cha utafiti ni kazi ya watu wawili, na sifa nyingi humwendea yule anayeonekana pichani: amesimama omoni mwa boti ndogo, mikononi ana ufito mrefu wa kaboni, kifaa kikining'inia nchani. Mimi hupenda kumtazama aliyekaa tezini, mwenye usukani.

Nyangumi anapozama, pigo la mkia wake huacha juu ya maji duara laini, kama mafuta yaliyomwagika. Nahodha huyasoma maduara hayo moja baada ya jingine, akapima mwendo na mwelekeo, ndipo akisie mnyama ataibukia wapi. Hamkimbizi. Humjia kwa nyuma, ubavuni, wakaenda sambamba, injini ikitoa mlio uleule. Mlio ukipanda ghafla, au boti ikimkata njia, kuna hatari ya mkia kuchapa maji na kazi ya saa nzima kuishia hapo.

Kifaa chenyewe hakitoboi ngozi. Hushikwa na vikombe vinne vya mpira vinavyofyonza. Kikigusa mgongo, wengine hushtuka, wengine hubiringika, wengine huendelea na safari bila kujali. Hata watafiti wanaochukua kipande kidogo cha ngozi kwa mshale wameona jambo la ajabu: baadhi ya nyangumi wenye nundu hushtuka hata mshale ukiwakosa na kuangukia majini. Kwa hiyo si maumivu peke yake. Kishindo nacho kina sehemu yake, na kishindo kinaweza kupunguzwa na mtu mwenye subira.

Katika Ghuba ya Monterey, California, timu ya Jeremy Goldbogen wa Chuo Kikuu cha Stanford ilitaka kupima mapigo ya moyo wa nyangumi wa bluu akiwa huru baharini. Ugumu ulikuwa mahali pa kubandika. Kifaa kilikuwa kimejaribiwa kwa nyangumi wadogo waliofugwa, waliofunzwa kugeuza tumbo juu. Wa bluu nani atamwamuru ageuke? Tena ngozi ya tumbo lake ina mikunjo inayotanuka anapokula, na huko kifaa kingeweza kubanduka. David Cade, mshika ufito, alikibandika kwa jaribio la kwanza, kisha kikateleza chenyewe hadi karibu na pezi la kushoto, palepale moyo uliposikika. Bahati, ndiyo, ila bahati ya namna hiyo huwafikia waliosogea karibu vya kutosha.

Kilikaa saa 8 na nusu. Ripoti ya mwaka 2019 inasema moyo ulipiga mara 25 hadi 37 kwa dakika nyangumi alipokuwa juu ya maji, na kule chini ulishuka hadi mara 2. Alipofungua kinywa kumeza maji yenye uduvi, mapigo yalipanda tena kidogo, kisha yakatulia.

Nambari hizo zingekuwa na thamani gani kama zingetoka kwa mnyama anayekimbia boti? Huyu aliendelea kuzama na kula. Ni nyangumi mmoja tu, na mmoja hatoshi kuwasemea wote. Lakini kwa nahodha, kule kuendelea kula ndiyo hati ya kazi yake.